Mtego wa panya wa kununua Dar: pindua kwanza, bei utauliza baadaye

Jumanne iliyopita, saa kumi na moja alfajiri, nilikuwa uani kwangu Tabata nimejifunga khanga, mkononi tundu la waya, ndani yake panya wa paa mwenye mkia mrefu kuliko mwili. Siku tatu mfululizo alikuwa akinikimbilia juu ya dari ya jipsamu kama ana kiwanja chake. Nilifurahi kama mtu aliyeokota hela. Nikainamisha tundu kidogo nipite chini ya kamba ya nguo, mlango ukafunguka wenyewe. Panya akatua begani kwangu, akaruka ukutani, akaingia kwa jirani. Mama wa nyumba ile hajanisalimia vizuri mpaka leo. Kelele niliyopiga iliamsha watoto wake wote, halafu panya sasa ni wake.

Tundu hilo nililinunua Kariakoo kwa Sh 18,000. Niliuliza bei, nikaangalia ukubwa. Ukubwa! Kama vile nanunua ndoo.

Kwa hiyo leo sitawaeleza habari za ukubwa wala rangi, hayo macho yenu yanatosha. Mtego wa tundu una jambo moja ambalo hakuna muuzaji anayelitaja: mlango ukishaanguka, nini kinauzuia usinyanyuke tena?

Matundu mengi ya dukani yanafanya kazi hivi. Chambo kinaning'inia kwenye ndoano, ndoano imeshika waya mrefu unaopita juu ya tundu hadi mlangoni. Panya akivuta chambo, waya unaachia, springi inauvuta mlango, pah! Kishindo kile kinakuridhisha, unarudi kulala. Panya yeye halali. Anazunguka kona zote kwa pua, na akikuta ukingo wa mlango unacheza hata kidogo, anaingiza pua, kisha meno, kisha kichwa. Kichwa kikipita, mwili hauna neno. Asubuhi unakuta tundu limefungwa, chambo hakipo, panya hayupo, unaanza kuwaza mambo ya kishirikina.

Tundu la maana lina kikomeo. Ni kipande tu cha waya kilichopinda, kinateleza chenyewe nyuma ya mlango ukishafunga na kuukaba. Pasipo mkono wa mtu kukinyanyua, mlango hauendi popote. Waya wa kikomeo chote hauzidi urefu wa kiganja, na ndicho wanachokibania!

Ukifika dukani fanya hivi: tega, gusa ndoano kwa kalamu (kidole chako kiache mfukoni), mlango ukifunga lipindue tundu miguu juu, litikise mara tatu, kisha usukume mlango kutokea ndani kwa kalamu hiyohiyo. Muuzaji mmoja Mtaa wa Msimbazi aliniuliza, "Dada, unanunua mtego au unanunua gari?" Nilipindua matundu saba mbele yake. Mawili tu ndiyo yalibaki yamefunga.

Namba moja kwangu, basi, ni tundu la kuchongesha kwa mafundi wa Gerezani, walewale wa majiko na masanduku ya bati. Mwambie fundi unataka wavu wa robo inchi, kikomeo, na mpini juu ili mkono wako ukae mbali na meno. Wavu mpana usiukubali, vipanya vidogo vya nyumbani vinapenya penye upana wa kalamu. La kwangu jipya limenigharimu Sh 25,000 baada ya mabishano marefu, na nimelipindua mpaka fundi mwenyewe akacheka. Kama mgeni wako ni panya buku, huna chaguo zaidi ya tundu kubwa. Wale ndio jamaa za panya wa shirika la APOPO kule Morogoro wanaofunzwa kunusa mabomu ya ardhini, na mmoja anaweza kufika kilo na ziada. Mtego wa kubana atatembea nao.

Namba mbili ni mtego wa kubana, na hapa sifichi, mimi ni mtu wa Victor. Ni Mmarekani wa ubao na springi, ana herufi V nyekundu. Umbo lenyewe ni la zamani sana. William Hooker wa Illinois alipata hataza ya mtego wa namba hiyo mwaka 1894, na hakuna aliyeona haja ya kuubadilisha sana. Yangu miwili nililetewa na shemeji. Ninachoipendea ni kisahani cha chambo, kinaachia kwa mguso mdogo, wakati hii mingine ya chuma inayouzwa barabarani panya anakula karanga zote, anafuta mdomo, anaondoka. Halafu hewa yetu ya chumvi, ukiisahau stoo miezi miwili springi imeota kutu. Hakikisha tu unachukua wa panya wakubwa, wa vipanya ni mdogo mno. Uweke ukiwa umeukabili ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta, maana panya hutembea akiambaa. Na usiutege siku ya kwanza. Panya huogopa kitu kigeni, mwache ale bure siku mbili tatu, ndipo utege. Chambo cha Pwani ni nazi iliyobanikwa au kipande cha ng'onda. Jibini ni mambo ya katuni.

Gundi ya panya ni rahisi, ndiyo. Vumbi la Dar likiingia imekwisha, na atakayenasa kwanza ni mjusi. Tuendelee.

Sumu siiweki hata kwenye orodha, ila acha niseme, kwa sababu zile spika zinazopita mtaani zikirudia "panya, mende, kunguni, viroboto" zimenichosha. Kipakiti hakina jina la dawa, hakina maelekezo, hakina namba ya usajili wa TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu), na anayekuuzia kesho yuko Mbagala. Ukiuliza ndani kuna nini anakujibu, "Kali hiyo, mama." Kuna sumu zinazozuia damu kuganda, panya anakula leo anakufa baada ya siku kadhaa, na anakufia pale anapolala, yaani juu ya dari yako. Harufu ikianza, fundi wa jipsamu anataka hela ya kupasua na hela ya kuziba. Na kama paka wa jirani amemla huyo panya, jiandae kwa kesi nyingine.

Vaeni glovu. Julai 2022 Wizara ya Afya ilipotangaza homa ya mgunda kule Lindi, wengi tulijifunza kwamba mkojo wa panya si wa kuchezea. Baada ya kila windo tundu langu linaoshwa kwa sabuni na jiki, kisha linaanikwa juani.

Msomaji wa Kigamboni ameniuliza kama tundu hili litamfaa kwa kindi anayemalizia maembe yake. Kumnasa litamnasa, hasa ukiliacha limetegwa mchana, maana kindi hutembea mchana na panya usiku. Lakini kaka yangu, kindi ni mnyamapori, na kuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Waulize maofisa wanyamapori kwanza. Wewe tegua mtego wako asubuhi, na maembe yachume mapema.

Lile tundu la Sh 18,000 nililirudisha Alhamisi. Kijana akaligeuza mikononi, akaniambia tatizo si mtego, panya wangu ndiye mjanja, ila kwa kuwa mimi ni mteja wake ataniuzia jingine nusu bei. Nikalichukua hilo jingine, nikalitega, nikaligusa kwa kalamu, nikalipindua. Mlango ukafunguka. Akacheka, akalifunga, akalitundika tena kwenye msumari.