Kosta ya wanafunzi Madale–Kinondoni: dereva safi, ratiba inaumiza

Nalipa laki nne kwa muhula binti yangu wa kidato cha tatu abebwe na kosta hii ya mtu binafsi, na kwa upande wa barabara sina neno. Dereva ni mtu mzima, hafukuzani na daladala, simu hagusi akiwa kwenye usukani. Matroni anahesabu watoto wakipanda na wakishuka. Masika yalipoharibu njia ya kwetu alipiga simu mapema tukakutane lami. Wangapi wanafanya hivyo?

Shida ni saa. Sisi ndio wa kwanza kuchukuliwa. Saa 11:15 alfajiri gari liko kona, kisha Wazo, Tegeta, Mtongani, Africana, linaokota mmoja mmoja, likifika Mwenge foleni imeshafunga. Kengele ya shule ni saa 1:30. Jioni alikuwa anashushwa wa mwisho, saa 12 na ushee. Aoge, ale, amalize hesabu na kemia, hiyo saa 4:30 usiku.

Mtasema alale mapema. Mdogo wake wa darasa la tatu ukizima taa saa 2 ameshakwenda, huyu wa miaka 15 anagaagaa mpaka saa 5. Na simu naishika mimi, msinianze. Mtoto akibalehe, melatonini, homoni inayoleta usingizi, huchelewa kupanda usiku na huchelewa kushuka asubuhi. Wataalamu wanataka umri wa miaka 13 hadi 18 upate usingizi wa saa 8 hadi 10. Wangu anaambulia tano na kitu. California wametunga sheria, tangu 2022 sekondari zao za juu nyingi haziruhusiwi kuanza kabla ya saa 2:30 asubuhi. Saa hiyo wangu yuko kipindi cha pili, anasinzia.

Angalau angelala garini. Lakini siti za dirishani wamepewa wadogo. Wakubwa wanakalia zile za kukunja za katikati, hazina pa kuegemeza kichwa, na kila kituo lazima wanyanyuke wapishe wenzao.

Wazazi wa huku juu tulimwomba mwenye gari jioni apite Makongo na Goba, aanze kushusha Madale ndipo ateremke Tegeta. Alilia mafuta wee, mwishowe akakubali. Sasa binti anafika saa 11 kasoro, analala kidogo kabla ya vitabu, na hasira za mezani zimepungua. Suala la siti bado tunavutana.

Nyota tatu. Unakaa Africana au Mtongani? Lipa tu, hutajuta. Wa Madale, kabla hujatoa hela uliza mwanao atakuwa wa ngapi kuchukuliwa, na atakalia siti ipi.