TAHADHARI: umelipia RAM 16, umetoka dukani na 8 na 4

Wakuu kaeni chonjo na laptopu za mtumba, hasa mkiambiwa "ngoja kidogo fundi akuwekee Windows". Mimi nimelizwa Kariakoo mwezi uliopita, ThinkPad T480, laki sita na nusu, hela ya harusi tatu nilizoshuti na kuhariri mwenyewe. Pale kaunta nimeiwasha nikaona RAM (kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta inafanyia kazi) 16GB kwa macho yangu, nikalipa, jamaa akasema fundi anaipeleka nyuma dakika ishirini tu aweke programu, mimi nikakaa kwenye benchi na soda yangu. Iliporudi sikuangalia tena, nikaiweka kwenye begi nikaondoka. Hapo ndo nilipopigwa.

Nyumbani ikawa nikifungua video mbili tatu inaganda, halafu siku moja katikati ya kazi ya mtu skrini ikageuka bluu, imeandika MEMORY_MANAGEMENT, kazi ya masaa manne imepotea na bibi harusi anapiga simu. Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc, nikaingia Performance, Memory, nakuta 12GB badala ya 16 na spidi 2133 wakati hii mashine inakwenda 2400! Nikashusha CPU-Z, programu ya kuonyesha vifaa vilivyomo ndani ya kompyuta, pale kwenye ukurasa wa SPD unachagua sloti (sehemu ya kuchomeka RAM) moja moja, kumbe moja ina 8GB ya 2400 na nyingine 4GB ya 2133, haina hata jina la kampuni.

Sasa niseme ukweli, kuchanganya RAM peke yake siyo dhambi. Zikitofautiana spidi zote zinafuata ile ya chini, na kati ya 2400 na 2133 huwezi hata kugundua. Zikitofautiana ukubwa kama hizi zangu, 4 ya huku na 4 ya kule zinapiga kazi pamoja kwa chaneli mbili, yaani njia mbili za data kwa wakati mmoja, ile 4 inayobaki kwenye ya 8 inakwenda chaneli moja, yaani nusu ya kasi, na laptopu yangu haina kadi ya picha ya peke yake inakopa RAM hiyohiyo, kwa hiyo kwenye video unaumia. Lakini kilichonimaliza ni kwamba ile ya 4 ni mbovu. Nimezipima moja moja na MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku kucha, ya 8 safi, ya 4 makosa kibao.

Nikarudi dukani. Jamaa ananiambia ilitoka nzima, na stika yao ya waranti niliibandua mwenyewe kwa hiyo hawahusiki. Stika yenyewe waliibandika juu ya RAM, imefunika maandishi ya GB na spidi, huwezi kusoma bila kuibandua! Na risiti imeandikwa "laptop 1 used" basi.

Kwa hiyo ukinunua, mashine ikitoka kwa fundi, kabla hujalipa, washa tena hapohapo mbele yao, angalia GB na spidi, na risiti waandike RAM ngapi kwa ngapi, mfano 8 na 8 za 2400. Wakikataa kuandika, hela yako bado iko mfukoni, ondoka.

Nimeshanunua 8 nyingine ya 2400 kwa hela yangu, wiki ya pili hii haijaganda. Ile mbovu ninayo kwenye droo, kuna mtu ameshaniulizia, simuuzii.