Draconic Destruction: majoka ya kutisha, mwanzo mzito

Seti hii ya mchezo wa karata wa Magic: The Gathering, iliyotoka 2022 kwa wanaoanza Commander (mtindo ambao karata moja, kamanda, huongoza seti yako), ina karata 100 tayari kuchezwa. Kamanda, Atarka, ana nguvu 6, na kila joka lake linaposhambulia hupiga mara mbili: mashambulizi mawili ya Atarka yasiyozuiwa ni madhara 24, na kamanda mmoja akikupiga 21 umetoka, hata ukiwa na uhai mwingi. Raha tupu! Tatizo ni kwamba Atarka hugharimu mana 7 (mana ndiyo nguvu ya kulipia karata, nayo hutoka hasa kwenye karata za ardhi), na majoka wenzake nao ni ghali. Zamu za mwanzo utabaki mtazamaji. Toa majoka mawili ya mana 6, ingiza karata za Nature's Lore na Three Visits. Zote hugharimu mana 2 na huleta msitu, yaani karata ya ardhi inayotoa mana, unaotumika papo hapo.