The Turning Point (1977): wivu wa miaka mingi kati ya marafiki wawili wa baleti

Kama unatafuta filamu ya baleti kwa ajili ya kuona watu wakicheza tu, hii itakutosha kabisa. Mimi naipendekeza kwa sababu nyingine. Inawachukua wanawake wawili wa makamo, mmoja aliyechagua jukwaa na mwingine aliyechagua familia, inawaacha waambiane yote waliyoyameza kwa miaka mingi, halafu haimpi yeyote ushindi. Filamu za namna hii huwa na haraka ya kumwadhibu mmoja wao. Hii haina haraka hiyo.

Deedee (Shirley MacLaine) na Emma (Anne Bancroft) walikuwa chanda na pete katika kundi moja la baleti New York, na pia walikuwa wapinzani. Wote wawili waliiwania nafasi ya kuongoza katika baleti mpya ya Anna Karenina. Deedee akashika mimba, akaolewa na Wayne, mchezaji mwenzake, wakahamia Oklahoma City na kufungua shule ya kucheza. Nafasi ikamwangukia Emma, naye akawa nyota. Karibu miaka ishirini baadaye kundi linafika mjini kwa onyesho, na Emilia, binti mkubwa wa Deedee, ambaye Emma ni mama yake wa ubatizo, anaalikwa kwenda New York. Mama anamsindikiza. Huko ndiko kidonda cha zamani kinapotumbuliwa.

Kilichonishika ni jinsi Deedee anavyoteseka. Hajutii mume wake, na watoto wake anawapenda waziwazi. Kinachomla ni kutojua kama angeipata ile nafasi. Aliyeshindwa mchujo analia, anafuta machozi, na mwisho analijua jibu. Aliyeondoka kabla ya mchujo hubaki akilibeba swali mpaka uzeeni, na kila akimwona mwenzake akipokea maua jukwaani swali hilo huamka upya. MacLaine anaubeba uchungu huo usoni hata anapotabasamu. Mtazame akiwa ameketi kati ya watazamaji wakati Emma anapigiwa makofi. Anapiga makofi kwa moyo wote, na papo hapo unaona kitu ndani yake kinauma.

Emma naye haonyeshwi kama mwanamke mpweke anayelipia dhambi ya kutozaa, na hilo nalishukuru sana. Kazi yake ameipenda na anaipenda bado. Tatizo lake ni mwili. Umri unasonga, mtunzi kijana hamwoni tena kuwa mtu wa kuongoza baleti yake, na wakuu wa kundi wanaanza kuzungumza habari ya kufundisha wengine. Bancroft ana namna ya kunyoosha shingo anaposikia maneno hayo ambayo imenikaa kichwani. Anapomnunulia Emilia vitu na kumnoa kwa ajili ya jukwaa, mapenzi yake ni ya kweli kabisa, ila Deedee anaona mtu aliyekwisha kuchukua nafasi yake sasa anamchukulia na binti. Wote wawili wako sahihi.

Ugomvi wao mkubwa unatokea usiku, nje ya Lincoln Center, kituo cha maonyesho cha New York. Unaanza kwa maneno, na neno zito kuliko yote ni tuhuma kwamba Emma ndiye aliyemhimiza rafiki yake azae, akijua fika mimba hiyo itamwachia yeye njia. Kisha wanapigana kwa mikoba na mikono, nguo za sherehe zikiwa bado mwilini, mpaka wanaishiwa nguvu na kuangua kicheko. Nimesoma watu wakikisifu kipande hiki kwa vichekesho vyake. Mimi nilitokwa machozi, kwa sababu wanaweza kucheka baada tu ya kila mmoja kukiri lake. Urafiki ule haukuwa umekufa. Ulikuwa umefungiwa nyuma ya jambo moja lisilosemwa.

Nadhani ukweli huu unatokana na watu waliotengeneza filamu yenyewe. Mwongozaji Herbert Ross aliwahi kuwa mtunzi wa baleti, na mkewe, Nora Kaye, aliyekuwa miongoni mwa watayarishaji, alikuwa nyota wa American Ballet Theatre, kundi la baleti la New York. Leslie Browne anayeigiza Emilia alikuwa mcheza baleti wa kweli, na Nora Kaye alikuwa mama yake wa ubatizo. Wazazi wa Browne mwenyewe walicheza baleti, na maisha ya familia hiyo ndiyo yaliyochangia kuzaa hadithi ya Arthur Laurents, mwandishi wa filamu. Ukijua hilo, kila Emilia anapomtazama mama yake akimrekebisha mkono, unahisi hawaigizi sana.

Kuhusu kucheza kwenyewe, sina maneno ya kumtosha mcheza baleti Mikhail Baryshnikov, anayeigiza Yuri. Alikuwa ameikimbia Urusi ya Kisovieti mwaka 1974 akiwa Toronto, na hapa anaonekana katika kilele cha uwezo wake. Katika kipande cha baleti ya Le Corsaire anaruka na kukaa hewani kana kwamba ardhi haimdai. Alexandra Danilova, nyota wa kizazi cha kabla yao, anaonekana kama mwalimu mkongwe, na akikunja tu mkono unaelewa baleti inarithishwa vipi.

Kasoro zipo. Mapenzi ya Emilia na Yuri ni mepesi. Wanapendana, Yuri anamsaliti, binti analewa na kupanda jukwaani akiyumba, na sehemu hiyo inalegea ukilinganisha na uzito wa akina mama. Bancroft hakuwa mcheza baleti, hivyo kamera inamtafuta uso, mikono na pale anapoinama kushukuru watazamaji; jicho zuri litagundua kwamba Emma hatumwoni akicheza hasa. Lililonisumbua zaidi ni Wayne. Filamu inagusa shaka iliyokuwapo juu ya wanaume wa baleti, kwamba hawapendi wanawake, na inadokeza kuwa ndoa ile ilikuwa pia njia ya kuifuta shaka hiyo. Ni jambo zito, lilistahili nafasi, lakini linapitiwa juu juu. Hata yeye aliacha jukwaa kwa ajili ya familia, na hakuna anayemuuliza ilimgharimu nini.

Filamu iliteuliwa kuwania Oscar 11 na haikuondoka na hata moja. Annie Hall ndiyo iliyotwaa tuzo ya filamu bora mwaka huo. Tuzo ya Golden Globe ya filamu bora ya drama, hata hivyo, iliipata. Kwangu ni nyota nne kati ya tano.

Nakushauri uitazame na dada au rafiki mnayefahamiana tangu ujana, hasa kama mmoja wenu aliiacha kazi aliyoipenda na mwingine akaendelea nayo. Ina urefu wa karibu saa mbili na mwanzo wake ni wa polepole, kwa hiyo mpeni Deedee muda wa kuwaonyesha nyumba yake na watoto wake. Bila kuyaona maisha yale mazuri aliyoyapata, hamtaelewa kwa nini bado anauliza.