Kibaraza cha bafuni kimenihamishia sebuleni

Nianze na haki yake: fundi niliyeletewa na duka la marumaru anajua kupanga. Mistari imenyooka, kona zimekatwa safi, wageni wakienda kunawa wanatoka wanasifia.

Ila mimi nilimwita kwa ajili ya kibaraza. Mama anasumbuliwa na magoti, hawezi kuoga amesimama, nikataka pa kukalia pale pale chini ya bomba la mvua. Akajenga kwa tofali, akapiga lipu, akabandika marumaru. Dawa ya kuzuia maji alipaka sakafuni na ukutani, kibaraza hakukigusa. Nilipouliza, akanijibu bila hata kugeuka: "Dada, marumaru hainyonyi maji. Wewe kapike, hii kazi niachie."

Kapike! Na hela ya kupikia ndiyo hiyo hiyo niliyokuwa namlipa.

Marumaru hainyonyi, sawa. Grauti je, ile saruji ya kuziba nafasi kati ya vigae? Tena juu ya kibaraza kakulaza kama meza, hakuna mwinamo hata kidogo wa kurudisha maji sakafuni, basi yanatuama pembeni, pale kibaraza kinapokutana na ukuta, yanajipenyeza taratibu. Vuli haijaisha, rangi ya chumbani kwangu ikaanza kuvimba kama andazi. Nikalaumu mvua, nikalaumu paa, wakati ukuta wenyewe uko katikati ya nyumba! Nikampigia. "Hilo ni jasho la ukuta, dada."

Nikatafuta mzee mmoja, akang'oa kigae kimoja tu. Tofali limelowa chepechepe. Akasema ile dawa ilitakiwa kuvishwa kibaraza chote, juu na mbele, ipakwe mara mbili, na kitambaa cha wavu kwenye kila pembe. Kisha unaziba tundu la maji machafu, unajaza maji, unayaacha saa 24 uone kama yanapungua. Yote hayo kabla ya kigae cha kwanza.

Labda na mimi nina kosa. Nilinunua kopo moja la dawa, nilikuwa nabana matumizi. Lakini hapana! Angesema halitoshi, ningeongeza. Hakusema halitoshi. Alisema kapike.

Mama anaogea bafu la uani, juu ya kigoda cha plastiki, mimi nalala kwenye kochi. Nilitaka kumpa nyota tatu kwa ajili ya ile mistari. Nimempa moja, maana mzee anakuja Jumatatu na nyundo, na mistari nayo inaondoka.