Siku tano mlangoni pa reanimasio (chumba cha wagonjwa mahututi), Bukavu, mashariki mwa Kongo: uzoefu wangu

Mdogo wangu alijifungua salama siku ya Jumatatu. Alhamisi asubuhi, tukiwa nyumbani Kadutu, alilalamika kwamba kichwa kinampasuka na macho yanaona ukungu. Kabla teksi haijafika, alikakamaa, akatetemeka mwili mzima na kujing'ata ulimi hadi damu ikatoka. Eklampsia: degedege la mama mjamzito au aliyejifungua, linaloletwa na presha kupanda. Mimi nilidhani ugonjwa huo unaisha mtoto akishatoka tumboni. Kumbe unaweza kumkuta mama hata siku kadhaa baada ya kuzaa. Mwenye dada au mke aliyejifungua juzi, maumivu ya kichwa ya namna ile usiyaache yalale. Mpeleke apimwe presha.

Yeye presha yake ilikuwa 180 kwa 120, na maji yalikuwa yameanza kuingia mapafuni. Waliposema anapelekwa reanimasio, mama yetu alikaa chini pale pale koridoni akaanza kulia kilio cha msiba. Nilimwelewa. Hakuna aliyekuwa ametueleza kinachofanyika mle ndani.

Sisi gadimaladi, yaani ndugu wa kumwangalia mgonjwa, tuliruhusiwa kuingia mmoja mmoja, dakika kumi asubuhi na kumi jioni, kwa kanzu ya hospitali na mikono iliyooshwa. Mwanzoni niliona ni ukatili. Siku ya pili niliona mipira iliyoingia mishipani na kwenye kibofu cha mdogo wangu, nikaelewa kwamba kila mpira ni mlango wa vijidudu.

Kitu tulicholipia hasa mle ni macho ya mtu. Muuguzi mmoja alikuwa na vitanda viwili tu, na alikuwa haondoki. Kila baada ya saa nne, kabla ya kumdunga sulfati ya magnezi, dawa inayozuia degedege, alifanya mambo matatu bila kuruka hata moja. Alihesabu pumzi kwa saa ya mkononi: zisipungue 16 kwa dakika. Alisoma mkojo kwenye mfuko: usipungue mililita 30 kwa saa. Kisha aliinua mguu na kugonga goti kwa kinyundo kidogo cha mpira, akingoja mguu uruke. "Mama, goti likinyamaza, dawa imezidi, sindano nasimamisha," alimweleza mama yetu, kwa Kiswahili, bila haraka. Dawa ya kuizima, kalsiamu, ilikuwa tayari juu ya meza. Tangu hapo mama, kila alipotoka ndani, alituambia kwanza habari ya goti.

Ile mashine yenye namba nayo ilitutesa hadi tulipofundishwa kuisoma. Namba ya oksijeni ya mtu mzima mwenye afya huwa 95 kwenda juu, ingawa huku kwetu, mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, inaweza kuteremka kidogo. Mashine ikilia, mara nyingi ni kidole kimechomoka kwenye kibanio. Muuguzi humtazama mgonjwa kwanza, halafu mashine.

Usiku wa Jumamosi umeme ulikatika. Mzee wa kitanda cha jirani alikuwa anapumuliwa na mashine, na betri yake haikushika. Kupitia kioo cha mlango nilimwona muuguzi akiuchomoa mpira wa pumzi kwenye mashine, akaunganisha ambu, mfuko wa kusukuma hewa mapafuni, na kuanza kuminya kwa mkono: minya, achia, hesabu hadi tano, minya. Jenereta lilichelewa. Hakuacha. Kesho yake daktari alituambia kwamba huduma hii ilizaliwa hivyo hivyo. Mwaka 1952 Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, ilivamiwa na polio iliyolemaza misuli ya kupumua; daktari Bjørn Ibsen akaonyesha njia, na wanafunzi wa udaktari wakapokezana kuwapumulia wagonjwa kwa mikono, mchana na usiku, kwa miezi. Wanafunzi hao walikuwa kama 1,500.

Nawapa alama 4 kati ya 5. Wauguzi wanastahili zote. Moja naikata kwa sababu ya habari: siku mbili za kwanza madaktari walipita mbele yetu wakizungumza Kifaransa juu ya mgonjwa wetu, na mama hakupata hata sentensi moja. Na kutumwa usiku wa manane kutafuta dawa famasi za mjini, huku mgonjwa anaingoja, ni jambo ambalo hospitali ingelipanga mapema.

Ukifikishwa kwenye mlango huo, uliza wazi: kiungo gani kinasaidiwa sasa? Mnangoja kuona nini ili mjue anapata nafuu? Umeme ukikatika, mnafanya nini? Muuguzi wetu alijibu yote.

Jumatatu asubuhi muuguzi aligonga goti kama kawaida. Mdogo wangu akafungua macho, akamwambia, "Muniache mguu, mtoto wangu iko wapi?" Jumanne wakamhamishia materniti, presha 140 kwa 90, na vidonge anaendelea kumeza.