Kamba ya Kuruka kwa Mazoezi: Ipi Inayoyaweza Makoro ya Goma

Dada kadhaa wa mitaa ya Himbi na Katindo hapa Goma, ambao huruka kamba kila asubuhi kabla ya kazi, wamenilalamikia jambo lilelile: kamba nyembamba ya waya waliyouziwa kwa sifa kubwa ilichunika katikati kabla ya msimu wa mvua kwisha, na nyuzi za chuma zilizochomoza zikawakwaruza miundi. Kwa hiyo sitazungumzia rangi, vishikio vyenye sponji wala kidude cha kuhesabu miruko. Nitazungumzia zile sentimita 20 au 30 za katikati zinazogusa ardhi, kwa maana katika mji wetu ndipo kamba inapoanza kuharibika, na hakuna muuzaji anayezitaja.

Sehemu kubwa ya Goma imejengwa juu ya makoro, yaani mawe ya volkano ya Nyiragongo, na lava ya Januari 2002, iliyopita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, ndiyo sakafu ya viwanja vingi tunavyofanyia mazoezi. Jiwe hilo lina matundu yaliyoachwa na gesi lilipokuwa likipoa, na kingo za matundu hayo hukata. Mtu akiruka mara 120 kwa dakika, dakika 10 tu ni mapigo 1,200, yote yakiangukia sehemu ileile ya kamba. Uani penye saruji iliyokwisha kuchakaa hapana nafuu kubwa.

Nafasi ya kwanza naipa, bila kusita, kamba ya shanga ya Elite Jumps ya Marekani. Ni uzi wa nailoni uliopitishwa ndani ya vipande vifupi vya plastiki ngumu, hivyo kinachopiga jiwe ni plastiki, na uzi unabaki salama ndani. Shanga za katikati zikilika, unafungua fundo, unazihamishia pembeni, na zile nzima za karibu na vishikio unazileta katikati. Ukitaka kuifupisha, unapunguza shanga chache. Uzito wake humwezesha anayeanza kuhisi kamba ilipo, na sauti yake inapogonga chini humsaidia kushika mwendo. Ni kweli kwamba haina kasi ya waya, na anayetaka kuizungusha mara mbili kwa mruko mmoja atachoka mapema. Lakini kwa mazoezi ya moyo na mapafu ya kila siku, sioni inayoishinda.

Ya pili ni kamba nene ya plastiki isiyo na waya ndani, yenye unene wa milimita 5 au 6, ya aina wanayotumia mabondia. Hulika polepole, na unaona mapema inavyokonda. Ya tatu ni Crossrope, yenye vishikio bora na kamba za uzito mbalimbali za kubadilisha, lakini seti zake hukaribia au kuzidi dola 100, na kampuni yenyewe huuza mkeka wa kurukia ili kamba zisichakae. Asiye na mkeka aiache.

Waya mwembamba naupa nafasi ya mwisho, isipokuwa kwa mwenye sakafu laini: ganda lake likishatoboka, chuma hupata kutu na kukatika uzi mmoja mmoja. Kamba za pamba za bei ndogo ni za watoto.

Kuhusu urefu, kanyaga katikati ya kamba kwa mguu mmoja. Vishikio vifike makwapani.

Kinachoniudhi zaidi ni jinsi tunavyouziwa. Bidhaa hufungwa ndani ya plastiki ngumu, mnunuzi haruhusiwi kuifungua, kisha anaambiwa kwamba ni ya Ulaya ilhali hakuna jina la mtengenezaji popote. Bei hutajwa kwa dola, na noti yenye mpasuko mdogo kuliko ukucha hukataliwa, lakini muuzaji huyohuyo hakubali kurudishiwa kamba iliyochunika baada ya wiki chache. Anayedai noti isiyo na doa hana budi kumruhusu mteja aikunje kamba katikati na kulikwaruza ganda kwa ukucha. Ganda likionyesha alama nyeupe au kuteleza juu ya waya, rudisha bidhaa mezani. Na muuzaji akikataa kabisa kamba iguswe, nenda duka lingine, au mwombe ndugu anayesafiri kwenda Kigali akutafutie ile ya shanga.